Sonara Hakubadilisha Jiwe

Hapa Mtwara mjini sonara mmoja ameitwa mwizi mbele ya wateja wake kwa kosa ambalo hakulitenda. Jirani yangu alimpelekea pete ya zumaridi aliyonunuliwa na mwanawe ughaibuni, ikasafishwa kwa mvuke, naye alipoipokea akakuta jiwe limepauka na lina nyufa nyeupe. Akaamini kwamba limebadilishwa.

Jiwe ni lilelile. Zumaridi ni berili, aina ya madini, iliyopata ukijani wake kutokana na metali za kromiamu, vanadiamu au zote mbili, na nyingi hutoka ardhini zikiwa na nyufa zinazofika kwenye uso wa jiwe. Nyufa hizo hujazwa mafuta, hasa ya mwerezi, au utomvu wa kiwandani, kwa kuwa vitu hivyo hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia kile cha berili, hivyo ufa hufichika. Mafuta yakitoka kwa joto la mvuke, hewa huchukua nafasi yake na ufa hung'aa. Nililitazama kwa lupu, yaani kioo cha kukuzia, ya mara 10: katika ufa mmoja mafuta yalikuwa yamebaki nusu, yakiwa na viputo bapa, na nusu ya pili ilikuwa tupu, nyeupe kabisa. Sonara huyo anastahili kuombwa radhi, na nimemwambia jirani yangu hivyo waziwazi.

Nakubali, shingo upande, kwamba kutia mafuta ni desturi ya kale na inayokubalika sokoni. Kinachoniudhi ni kimya cha aliyeuza pete hiyo ughaibuni. Risiti yake inataja uzito na neno Kolombia, basi. Mahali jiwe linapotoka pana umuhimu wake: zumaridi za Muzo, mgodi wa Kolombia, huwa na vishimo vyenye kimiminika, kiputo cha gesi na kipande cha chumvi, ilhali za Kafubu nchini Zambia na za Manyara kwetu zilizaliwa katika miamba yenye maika, madini ya matabaka membamba yanayometa. Hata hivyo, jiwe la Muzo laweza kujazwa utomvu tele, na mawe mawili ya mgodi mmoja na uzito mmoja yakatofautiana sana bei kwa sababu hiyo tu.

Na anayeuza ganeti ya kijani ya Ruangwa, jiwe jingine la thamani, kwa jina la zumaridi anaidhulumu ganeti, ambayo kwa kawaida haihitaji mafuta yoyote.

Kwa hiyo mnunuzi adai risiti inayoeleza jiwe limetiwa nini, kwa kiasi gani, na kwamba lisipelekwe kwenye mvuke wala kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo.