"Tekelezeni Sheria Zilizopo," Wanasema

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Dallas, ikaletwa tena habari ya watu kupigwa risasi. Kaka mmoja ninayemheshimu sana akaandika: "Marekani haihitaji sheria mpya za bunduki. Itekeleze zilizopo." Madole gumba yakamiminika. Nilianza kumjibu nikafuta, kwa kuwa ni mkubwa wangu na ndiye aliyenipokea nilipofika Texas. Basi ngoja niyamwage hapa.

Kauli hiyo ina sauti ya mtu mzima asiyependa kelele, ndiyo maana inapendwa. Wanasiasa wa chama cha Republican huitoa karibu kila msiba. Wasichokisema ni kwamba nyingi ya hizo sheria zilizopo zilitungwa kwa makusudi zisiwe na meno.

Chukua Martinsburg, West Virginia. Huko ndiko ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia biashara ya bunduki, ina kituo cha kufuatilia silaha zilizokutwa kwenye uhalifu. Polisi wa mji wowote akiokota bastola kando ya maiti, huuliza Martinsburg: hii aliuziwa nani? Ungetegemea mtu abonyeze namba kwenye kompyuta, jina litoke. Gari hufanyiwa hivyo na askari wa barabarani bila hata kushuka kwenye lake. Bunduki, thubutu! Sheria ya 1986 inaikataza serikali kuu kuwa na daftari la wamiliki. Kwa hiyo mfanyakazi wa Martinsburg anampigia simu mtengenezaji, mtengenezaji anamtaja msambazaji, msambazaji anamtaja mwenye duka, na mwenye duka anakwenda kufukua fomu aliyoijaza mnunuzi. Duka likiwa limeshafungwa je? Makaratasi yake yalipelekwa Martinsburg kwa maboksi, na maboksi yalijaa hadi mengine yakatiwa kwenye makontena. Makaratasi hayo hupigwa picha, ndiyo, ila picha zenyewe haziruhusiwi kutafutwa kwa jina. Mtu anakaa anapekua ukurasa baada ya ukurasa kwa macho yake, katika nchi iliyotengeneza Google.

Hiyo ndiyo sheria iliyopo. Na inatekelezwa vizuri sana.

Bado. Sheria hiyohiyo inasema ukaguzi wa kawaida wa duka la bunduki usizidi mara moja katika miezi 12. Sheria nyingine inataka ukinunua bunduki na FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu inayochunguza wanunuzi, isikukute na doa, rekodi ya kuchunguzwa kwako iharibiwe ndani ya saa 24. FBI ikichelewa kujibu kwa siku 3 za kazi, muuzaji ana ruhusa ya kukukabidhi mzigo wako. Ndivyo kijana mmoja wa South Carolina alivyopata, mwaka 2015, bastola ambayo hakustahili kuuziwa. Mwezi Juni akaingia kanisa la Emanuel pale Charleston, wakamkaribisha kwenye somo la Biblia, akaketi nao, kisha akaua watu 9. Baada ya watoto 19 na walimu 2 kuuawa Uvalde, hapahapa Texas, ikapita sheria ya 2022 inayoruhusu muda huo ufike siku 10 za kazi, lakini kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Yule wa Charleston alikuwa na 21.

Najua nitatajiwa Chicago. Sawa, Chicago ina sheria kali na watu wanauawa. Indiana, jimbo jirani lenye sheria legevu, nayo iko mwendo mfupi kwa gari. Nitaambiwa shida ni vichaa, kana kwamba nchi nyingine hazina. Na zaidi ya nusu ya wanaouawa na bunduki Marekani hujiua wenyewe. Mwaka 2021 walizidi 26,000. Hao hakuna anayewaleta kundini.

Nakubali jambo moja, tena kwa shingo upande. Jirani yangu ni mzee wa Kitexas, mwindaji, mpole, bunduki zake zimefungiwa kwenye sefu. Anaamini kabisa kwamba daftari la leo ndiyo orodha ya kunyang'anywa kesho. Siwezi kumwita mjinga. Lakini tangu 2008 Mahakama ya Juu imesema kuwa na bunduki nyumbani kwa kujilinda ni haki ya mtu binafsi. Hofu ya mzee ilipaswa kupungua siku ile. Badala yake wanasiasa wanaichochea kila uchaguzi, kwa sababu inaleta kura. Wakati huohuo binti yangu anafundishwa shuleni kujificha gizani kimya. Aliniuliza: "Baba, na nikipiga chafya?"

Halafu angalia hao watekelezaji wenyewe. Tangu 2006 mkuu wa ATF lazima athibitishwe na Seneti. Hadi mwisho wa 2024 Seneti ilikuwa imethibitisha wawili tu, na kati ya mmoja na mwingine kiti kilikaliwa na makaimu kwa miaka 7. Mwaka 2025 ukaimu akapewa mkurugenzi wa FBI, mtu mwenye kazi yake tayari. Wiki chache baadaye ukahamishiwa kwa Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu, ambaye naye alikuwa na jeshi zima la kuongoza. Labda sheria zilizopo alipangiwa azitekeleze jioni, akishatoka kazini.