Trump na vita ya Kongo "aliyoimaliza": wapi katudanganya, wapi tunamwonea

Tuanze na ile siku yenyewe, tarehe 4 Desemba 2025, Washington, kwenye jengo la taasisi ya amani ambalo siku hiyo tayari lilishapachikwa jina la Trump mwenyewe. Félix Tshisekedi wa Kongo yupo, Paul Kagame wa Rwanda yupo, Trump yuko katikati anatabasamu kama baba wa bwana harusi, na kina Ruto wa Kenya, Ndayishimiye wa Burundi na Lourenço wa Angola wamekuja kushuhudia. Makaratasi yanasainiwa, Trump anapiga utani kwamba hawa jamaa walitumia muda mwingi kuuana na sasa watatumia muda mwingi kukumbatiana na kushikana mikono. Sasa ukiirudia ile video na macho yako ukayaweka kwa wale wawili badala ya mwenye shughuli, utaona kitu: hawakupeana mkono, hata kutazamana kwenyewe ni kwa shida.

Wakati wanasaini, risasi zinalia Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Tarehe 10 Desemba, siku sita tu tangu sherehe, waasi wa M23, wanaotajwa kuungwa mkono na Rwanda, wako ndani ya Uvira. Kwa asiyeijua Uvira, ni mji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, uko jirani kabisa na Bujumbura, na ndiko serikali ya jimbo ilikokimbilia baada ya mji mkuu wa jimbo, Bukavu, kuanguka mikononi mwa M23 Februari ya mwaka huo huo wa 2025. Makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi na watoto mgongoni. Na huku Trump anaendelea kuihesabu Kongo na Rwanda kwenye orodha ya vita alizozimaliza, ambayo Septemba kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ilikuwa na vita saba, halafu baada ya Gaza mwezi Oktoba ikapanda ikawa nane.

Ndio maana kwenye hili watu wamegawanyika vibaya. Kuna wanaosema jamaa ni muongo, period, anatafuta Nobeli (ambayo kwa 2025 ilienda kwa María Corina Machado wa Venezuela, na ilimuuma sio kidogo). Na kuna wanaosema nyie mna chuki tu, angekuwa rais mwingine kawaweka hao wawili chumba kimoja mngemjengea sanamu. Mi nimelitazama hili jambo muda, na nikwambie ukweli, kila upande una kipande cha ukweli ambacho mwenzake hataki hata kukisikia.

Hiyo orodha kwanza. Ina vitu vya kila aina humo. Misri na Ethiopia wamo, ambao hawakuwa vitani, wana ugomvi wa bwawa la Ethiopia kwenye mto Nile, na bwawa lenyewe Ethiopia ililizindua tarehe 9 Septemba 2025 bila makubaliano yoyote na Cairo, sasa hapo kimemalizwa nini? India na Pakistan, Pakistan ikashukuru na ikampendekeza kabisa kwa Nobeli, India ikasema hapana, sisi tuliongea wenyewe jeshi kwa jeshi. Thailand na Kambodia walisimamisha mapigano kweli Julai, na vitisho vya ushuru vya Trump vilisaidia japo mwenyeji alikuwa Anwar Ibrahim wa Malaysia, ila Desemba wakarudi kupigana tena. Armenia na Azerbaijan ndiyo ina nyama kidogo, maana Agosti wale walifika hatua ya kutia saini za awali kwenye rasimu ya mkataba, ingawa vita kubwa ya pale Azerbaijan ilishaishinda 2023. Kwa hiyo ni kapu moja lina mayai, mawe na maganda, na mwenye kapu anasema yote ni mayai.

Lakini nataka nibaki Kongo, kwa sababu hiyo ndiyo ya kwetu.

Dili halikuanza Desemba. Lilisainiwa mara ya kwanza tarehe 27 Juni 2025 na mawaziri wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner wa Kongo na Olivier Nduhungirehe wa Rwanda, Marco Rubio, waziri mwenzao wa Marekani, akiwa pembeni. Kiini chake ni kubadilishana: Kongo iwamalize FDLR, lile kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994, na Rwanda iondoe "hatua za kujihami" ndani ya siku 90. Hebu lisome tena hilo neno. Hatua za kujihami. Si wanajeshi, maana Rwanda haijawahi kukubali waziwazi kwamba ina wanajeshi wanaopigana bega kwa bega na M23, japo wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2024 walikadiria ni kati ya 3,000 na 4,000. Sasa wewe niambie, kitu ambacho mwenyewe anasema hakipo, utakihesabuje kinavyoondoka? Hapo mtu yeyote aliyewahi kudai deni kwa mtu anayekana deni anaelewa kazi iliyopo.

Na hizo siku 90 zina historia yake. Tarehe 30 Julai 2002 pale Pretoria, Kagame huyu huyu alisaini na Joseph Kabila, rais wa Kongo wa wakati huo, mwenyeji Thabo Mbeki wa Afrika Kusini, na masharti yalikuwa karibu yale yale: Kongo iwashughulikie Interahamwe, wale wanamgambo wa mauaji ya kimbari, na wanajeshi wa zamani wa Rwanda, Rwanda iondoe jeshi ndani ya siku 90. Na mwaka ule waliondoka kweli, maelfu kwa maelfu, kamera zinaona. Tatizo ni kilichokuja nyuma yake, akina Laurent Nkunda na kundi lake la waasi la CNDP, halafu M23 ya 2012 iliyoichukua Goma siku kadhaa, ikapigwa 2013, ikaibuka tena mwishoni mwa 2021. Jina lenyewe M23 limetokana na mkataba wa tarehe 23 Machi 2009 ambao wao wanadai haukutekelezwa. Yaani kundi limepewa jina la mkataba uliokufa, halafu mtu wa Washington anakuja anasema mkataba umemaliza vita.

Halafu kuna hili ambalo wengi wanaliruka: M23 hawakuwa kwenye dili la Washington. Wanaoshika Goma, wanaoshika Bukavu, wanaoshika Rubaya yenye migodi ya koltani, hawakusaini. Wao wana meza yao Doha, Qatar ndiyo inawapatanisha na Kinshasa, walisaini kanuni tarehe 19 Julai 2025, wakajipa muda mpaka Agosti 18 wawe na mkataba kamili, Agosti ikapita, ikaja Novemba 15 wakasaini kitu wanachoita mfumo, una itifaki nane na nyingi zilibaki za kujadiliwa baadaye. Kwa hiyo Trump alipatanisha wenye nyumba mbili, wakati wanaopigana uani wako kikao kingine, nchi nyingine.

Mpaka hapo wanaomponda Trump wanapiga makofi. Subirini kidogo.

Tujiulize sisi wenyewe tulifanya nini. Tarehe 8 Februari 2025, wakuu wa jumuiya za Afrika Mashariki (EAC) na kusini mwa Afrika (SADC) walikutana Dar es Salaam, kikao cha pamoja, Goma imeshaanguka. Wakataka mapigano yasimame mara moja bila masharti, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Wiki moja haikufika vizuri M23 wakaingia Bukavu. Kabla ya hapo Lourenço alihangaika miaka na mchakato wa Luanda wa kuwapatanisha Kongo na Rwanda, Desemba 2024 mambo yameiva, Kagame hakutokea. Uhuru Kenyatta alikuwa na wake wa Nairobi, wa Kinshasa na makundi ya waasi. Jeshi la EAC liliingia, Tshisekedi akalitimua mwisho wa 2023. Wakaja SADC, nao wakarudi na majeneza. Sasa leo anatokea Mmarekani na meza inakaliwa, sisi ndio wa kwanza kucheka, na sioni haki kwenye hicho kicheko.

Na presha ya Marekani haikuwa maneno tu. Februari 20, 2025 walimwekea vikwazo James Kabarebe, mtu wa karibu kabisa na Kagame. Mwezi Machi M23 waliingia Walikale, wakawa wanausogelea mgodi mkubwa wa bati wa Bisie, wenye mgodi wakafunga. Washington ikaingilia, na mwanzoni mwa Aprili M23 wakatoka Walikale na mgodi ukarudi kazini mwezi ule ule. Mwenye kusema Marekani haina ushawishi pale haangalii ramani. Ila na wewe mwenye kushangilia, angalia ni wapi walitoka haraka. Mgodini.

Hili la madini wengi wanaligeuza tusi, kwamba jamaa kafuata koltani na litiamu, basi. Kafuata, na hakuficha, siku ile ya Juni alisema mwenyewe kwamba Marekani inapata haki nyingi za madini ya Kongo. Binafsi sishtuki na hilo peke yake. Mpatanishi asiye na chochote cha kupoteza ndiye huyo anayesaini, anapiga picha, anapanda ndege, tumewaona wengi. Mwenye mzigo wake pale ana sababu ya kurudi kuangalia. Swali langu ni dogo zaidi: Rubaya, ambako inatoka takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, iko mikononi mwa M23 tangu 2024. Kama biashara itaanza kabla jibu la nani anatawala Rubaya halijapatikana, atakayenunua atakuwa ananunua kwa nani?

Turudi Uvira, maana hapo ndipo mi nilibadilisha mawazo kidogo.

Uvira ilipoanguka, kila mtu alicheka, amani ya siku sita. Lakini angalia kilichofuata. Desemba 12, balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, Mike Waltz, akasimama Baraza la Usalama na kuisema Rwanda kwa jina kwamba inalipeleka eneo zima kwenye vurugu na vita zaidi. Kesho yake Rubio akaandika kwamba kilichofanyika ni ukiukaji wa wazi wa makubaliano ya Washington na kwamba Marekani itachukua hatua. Mambo hayo kuyasikia kwa serikali ya Marekani kuhusu Kigali, kwa lugha ile, si kawaida. Desemba 15 M23 wakatangaza watatoka Uvira kwa ombi la upatanishi wa Marekani. Walizungushazungusha, wakasema wametoka huku watu wanawaona mjini, lakini katikati ya Januari 2026 wakatoka.

Kwa nini Uvira na si Bukavu? Mi nadhani ni aibu. Trump alishatangaza dunia nzima kwamba kamaliza, siku sita baadaye watu wanamvua nguo hadharani, ikabidi watu wake wakimbizane. Ile ile sifa ya uongo ndiyo iliyomfanya ashindwe kunyamaza. Angekuwa ni kiongozi mnyenyekevu anayesema "tumepiga hatua, safari ni ndefu", Uvira ingeanguka naye angetoa taarifa ya kusikitika kama wengine wote walivyosikitika Goma na Bukavu zilipoanguka. Najua inakera kukubali, mimi mwenyewe imenikera, lakini majivuno ya mtu yule yalimpa mkulima wa bonde la Ruzizi, pale jirani na Uvira, kitu ambacho kikao cha Dar hakikumpa.

Sasa upande wa pili wa hiyo aibu ndio unanikosesha usingizi. Aibu ina tarehe. Uvira ilimuaibisha kwa sababu ilitokea baada ya sherehe. Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu Februari, zote kabla hajaanza kujisifia, kwa hiyo hazimgusi, haziko kwenye hesabu yake, ziko kwenye "zamani". Kimyakimya dili limechora mstari: ulichochukua kabla ya kamera kuwashwa tutakijadili taratibu Doha, ulichochukua baada ya kamera rudisha. Kwa M23 hiyo si hasara kabisa. Wanaachia mji mmoja, wanabaki na miji mikuu ya majimbo mawili, wana magavana wao, wanakusanya kodi, na nani atawauliza wakati vita "imekwisha"? Ukishasema vita imekwisha huwezi tena kuitisha kikao cha dharura kuhusu vita hiyo hiyo, utakuwa unajipinga mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Trump kamaliza vita ya Kongo, namjibu hajaimaliza, na anayesema kaimaliza aende Masisi, kule Kivu Kaskazini, akaseme hivyo hivyo. Akiniuliza basi hajafanya kitu, hapo pia nitabishana naye, kwa Walikale na Uvira.

Goma uwanja wa ndege ulifungwa tangu mji ulipoanguka. Mabenki nayo yalifunga, mtu aliyetaka hela yake iliyokuwa kwenye akaunti ilibidi avuke mpaka aende Gisenyi, upande wa Rwanda, au ategemee pesa za kwenye simu. Oktoba 30, 2025, kwenye mkutano wa Paris, Macron alitangaza kwamba uwanja utafunguliwa kwa ndege za misaada ndani ya wiki chache. M23 wakajibu kwamba hakuna aliyewauliza. Desemba ikaja, sherehe ya Washington ikafanyika, hotuba zikasomwa, na mwaka ukaisha uwanja ukiwa bado umefungwa.