Zima sauti kwanza: The Gods Must Be Crazy imechuja wapi

Chupa ya Coca-Cola inatupwa kutoka kwenye ndege ndogo, inaangukia jangwa la Kalahari, na ukoo wa Wasani, wawindaji wa huko, unaanza kuigombania. Xi, anayeigizwa na N!xau, anaamua kuibeba hadi mwisho wa dunia akaitupe huko. Ndiyo The Gods Must Be Crazy ya Jamie Uys, filamu ya mwaka 1980 iliyozunguka hadi kwenye mabanda yetu ya video. Itaje leo mbele ya watu wawili utapata ugomvi. Mmoja atasema ni uchafu wa enzi za makaburu, mwingine atasema jamani, si vichekesho tu? Kila mmoja ana hoja, ila wote wanaihukumu kwa jumla, kama vile filamu nzima ilipikwa chungu kimoja.

Njia nzuri ya kuipima ni kuitazama mara mbili: mara ya kwanza kama ilivyo, mara ya pili bila sauti. Lakini kagua nakala kwanza. Filamu ina dakika 109. Kama diski yako inaishia karibu na 105, si lazima iwe imekatwa: mfumo wa runinga wa PAL, uliotumika kwetu, huendesha fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, kwa hiyo kila kitu kinakwenda mbio kidogo na sauti zinapanda. Kwenye runinga mpya, zima ule mpangilio wa kulainisha mwendo wa picha, maana unaharibu mapigo ya kichekesho cha mwili. Na kama picha imekatwa pembeni ili ijaze kioo cha zamani, tafuta nyingine. Kitu kinachokaribia kuanguka mara nyingi huwa pembeni.

Kasi ina maana hapa kwa sababu Uys mwenyewe alipenda kuichezea. Kamera ikipiga fremu 16 kwa sekunde na picha ikaonyeshwa kwa 24, tendo la sekunde 9 linakwisha kwa 6. Mtu anatembea kama mwanasesere. Ukitumia mbinu hiyo mara moja, watu watacheka. Ukiitumia kila baada ya dakika chache unaondoa uzito wa vitu, na kuanguka kusiko na uzito hakuchekeshi. Hili ndilo kosa lake kubwa la ufundi, na wanaoitetea filamu hulipita kimya.

Ufundi wake wa kweli uko kwenye Land Rover. Steyn, mtafiti wa wanyama, ametumwa kumpokea Kate, mwalimu mpya. Gari halina breki, na mtazamaji analijua hilo mapema. Kwa hiyo geti tu njiani linageuka mkasa: lazima ashuke kulifungua, na gari halikubali kusubiri. Halafu linakwama majini, anafunga waya wa winchi, mashine ya kuvutia gari, kwenye mti, linaanza kutoka. Akili yake iko kwingine na winchi haina macho. Inaendelea kuvuta mpaka Land Rover inaning'inia mtini. Kila dawa inazaa ugonjwa mwingine, na hakuna sheria ya mchezo iliyobadilishwa katikati ili tucheke. Dereva yeyote aliyewahi kuweka jiwe nyuma ya tairi anaelewa bila kutafsiriwa. Hapa hapajachuja hata kidogo.

Shida ni sauti ya msimulizi. Anaongea kwa lafudhi tulivu ya filamu za wanyama, anatueleza kwamba Wasani hawajui uhalifu, hawana cha kumiliki, hawajawahi kuona kitu kigumu kama chupa ile. Wao wenyewe wanaongea, lakini yeye ndiye anayetuambia wamesema nini. Wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1970, Ju/'hoansi, kundi la Wasani wa Tsumkwe nchini Namibia, walikuwa wamebanwa kwenye makazi ya serikali, wakila unga wa mgawo, na jeshi la Afrika Kusini likiwaandikisha vijana wao. Mtengenezaji filamu John Marshall aliyaonyesha hayo katika filamu yake kuhusu mwanamke aitwaye N!ai, iliyotoka mwaka huohuo wa 1980, na ndani yake yumo Uys mwenyewe kazini. (Anayesikiliza jinsi watalii wanavyosimuliwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ataitambua lafudhi ile.)

Sasa zima sauti. Msimulizi akiondoka, anayebaki ni mwigizaji. N!xau anajua kusubiri: anaitazama chupa, anaigeuza, anakaa kimya sekunde moja zaidi ya unavyotarajia, ndipo uso unabadilika. Mashabiki humsifu kwamba "haigizi, ndivyo alivyo", na kwa sifa hiyo wanamnyima kazi yake. Wakosoaji nao wakimwona mhanga tu wanamnyima hiyohiyo. Alilipwa kidogo kwa filamu ya kwanza. Ya pili, ya mwaka 1989, alidai zaidi na akapata. Alifariki mwaka 2003.

Sehemu ya Sam Boga, kiongozi wa waasi katika filamu, haiokoki, iwe kwa sauti au bila sauti. Wapigania uhuru ni wajinga na wavivu, tena katika filamu iliyopachikwa jina la Botswana ili ikwepe kususiwa kama kazi ya Afrika Kusini ya makaburu, huku vita ya uhuru ikiendelea Namibia. Ungeweza kusema hiyo ni siasa. Lakini hata kwa ufundi ni mbovu: mbio zisizo na sheria na risasi zisizo na uzito. Ipeleke mbele.

Mtetezi atauliza kwa nini Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu za zamani zisizo na sauti, anasamehewa. Shujaa wa The General ya mwaka 1926 yuko upande wa Kusini, uliopigania utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ndiyo, lakini angalia kichekesho chenyewe: amekaa mbele ya treni inayokwenda, mkononi ana gogo zito la reli, mbele yake kuna jingine limelala juu ya njia. Analitupa la kwanza kwenye ncha ya la pili, yote mawili yanaruka pembeni. Bendera haihusiki. Kichekesho cha chupa nusu yake kinahitaji uamini lile dai la msimulizi, kwamba Wasani hawana cha kumiliki. Nusu nyingine hakihitaji: chupa ni moja, huyu anaitaka ya kulainishia ngozi, yule ya kupulizia muziki, na nyumba haina amani tena. Kwenye familia yenye rimoti moja hilo halihitaji maelezo.

Mtu anaweza kupinga kwamba kuzima sauti ni kuionea filamu. Kiasi, ndiyo. Lakini kama nakala yako ina sauti ya mtafsiri wa kibandani juu yake, tayari unaangalia filamu nyingine, yenye msimulizi mwingine na mizaha yake. Ndiyo maana wawili wanaobishana huenda hawakuona kitu kimoja.

Kwa watoto, anza na geti na winchi, kisha kifaru anayekanyaga moto. Steyn anaeleza kitaalamu kwamba kifaru ndiye zimamoto wa porini, na wapo watu wazima wanaoliamini mpaka leo, ingawa hakuna ushahidi wake. Bila sauti, kifaru anatokea, anaukanyaga moto, anaondoka zake, na bado unacheka.