Bondia apige vyuma au abaki na pushapu? Nionavyo mimi kwa mazoezi yetu ya hapa Dodoma

Kwenye mazoezi ya ngumi hapa Dodoma, uende Chang'ombe uende Kizota, kuna ubishi mmoja hauishi. Makocha wengi wa zamani hawataki kabisa kumuona bondia wao kashika chuma, wanasema chuma kinakaza mabega, kinamfanya mtu mzito, ngumi inakuwa ya kusukuma badala ya kuchapa. Vijana nao wanaangalia klipu za mabondia wa nje wanaona wenzao wanabeba, wanajiuliza kwa nini wao wakatazwe. Msimamo wangu ni kwamba mwili mtupu ndo uwe msingi, lakini bondia aliyeshapiga tizi la maana mwaka mzima na bado ananyimwa chuma, huyo anapunjwa.

Nianze na wazee maana hoja zao ni nzito kuliko vijana wanavyozichukulia. Pushapu, kichura, kujivuta kwenye bomba, tumbo, kamba, kukimbia asubuhi kupanda kilima cha Imagi, vyote hivyo ni bure, na kijana anayebeba mizigo sokoni Majengo hela ya jimu ya mwezi bora ainunulie maharage, karanga na dagaa, maana bila hivyo hata hizo pushapu zinamla tu. Hapo siwabishii hata kidogo. Halafu mazoezi ya mwili mtupu yanamzoesha mtu kuubeba na kuutuliza mwili wake mwenyewe huku amechoka, na ngumi kwa sehemu kubwa ni hiyo kazi.

Hoja yao kubwa zaidi ni ya uzito na hapo wako sahihi kwa hesabu. Olimpiki ya Paris 2024 kwa wanaume kulikuwa na daraja la uzito la kilo 57, linalofuata ni 63.5, hamna kitu katikati. Sasa kijana wa kilo 57 akijijaza nyama ya kifua na mikono akafika 60 amejiweka pabaya, ama ajikaushe, yaani atoe maji mwilini, arudi chini ama apande akutane na watu waliomzidi kimo na mifupa, na kwenye mashindano ya ridhaa unapimwa asubuhi ya kila siku unayopigana kwa hiyo huwezi kujikausha mara moja halafu ukala ukasahau.

Mfano wanaoupenda ni Anthony Joshua, yule Mwingereza wa uzito wa juu. Juni 2019 alipanda ulingoni na kilo kama 112, misuli imejaa kila kona, Andy Ruiz akamwangusha mara nne na pambano likaisha raundi ya saba. Desemba mwaka huohuo akarudi na kilo kama 107, mwepesi, akatembea raundi zote 12 akashinda kwa pointi. Wazee wanasema si mnaona. Ila wanasahau kwamba Ruiz kwenye marudiano alikuja na kilo zaidi ya 128, kazidi hata pambano la kwanza, kwa hiyo kumpa chuma lawama yote ya Juni na kupungua sifa yote ya Desemba ni kuirahisisha mno habari yenyewe.

Na upande wa pili kuna Evander Holyfield, huyu ndo anawasumbua wazee. Alitoka uzito wa kruza, ule ulio chini ya uzito wa juu, akapanda uzito wa juu wenyewe, akajijenga kwa vyuma, akasaidiwa hadi na Lee Haney aliyechukua Mr. Olympia, shindano kubwa la watunisha misuli, mara nane, na Oktoba 1990 akamkalisha Buster Douglas raundi ya tatu akawa bingwa wa dunia. Mikono yake haikuwa mizito. Ukitajiwa Mike Tyson, kwamba yeye alijijenga kwa pushapu, kweli, akawa bingwa 1986 akiwa na miaka 20 tu, lakini alikuwa na mazoezi ya ulingo kila siku chini ya kocha wake Cus D'Amato tangu akiwa kijana mdogo, huwezi kuchukua pushapu peke yake ukasema ndo zilizomfikisha pale.

Sasa mwili mtupu unaishia wapi. Pushapu ya kawaida mikono inabeba karibu theluthi mbili ya uzito wako, kwa mtu wa kilo 57 ni kama kilo 38. Mara ya kwanza unatetemeka, baada ya miezi kadhaa unapiga 60 mfululizo, na kuanzia hapo unajenga uvumilivu, nguvu yenyewe haipandi tena maana mzigo ni uleule. Juu ya mwili unaweza kuhangaika nao, weka miguu juu ya benchi, piga za kulipuka mikono iachane na ardhi, jivalishe begi la mchanga, kazi inaendelea. Shida ni miguu na mgongo. Ngumi inaanzia kwenye mguu wa nyuma unaosukuma ardhi, inapita kiunoni ndo ifike mkononi, na Wasovieti miaka ya 1980 walipowapima mabondia waliona wale wa daraja la juu wanatoa kama asilimia 38 ya nguvu ya ngumi kwenye mguu wa nyuma, mkono wenyewe kama 24 tu. Miguu inayokubeba kutwa nzima haiwezi kushtuliwa na skwati za mwili mtupu, utapiga 100 na upumue, lakini ile nguvu ya kusukuma ardhi ghafla haitaongezeka. Hapa chuma hakina mbadala wa maana.

Na hofu ya kukaza ina ukweli nusu, inategemea unabeba vipi. Mzigo mzito, mara tatu mpaka tano kwa seti, unapumzika dakika tatu, hapo unaufundisha ubongo na mishipa ya fahamu kuiita misuli uliyonayo yote kwa pamoja, mwili hauongezeki sana hasa kama huli kupita kiasi. Mara nane mpaka 12, seti nyingi, chakula kingi, huko ndo kutunisha. Jimu zetu nyingi za mtaani zimepangwa kwa ajili ya mabaunsa, bondia akiingia anapewa ratiba yao, Jumatatu kifua, Jumanne mikono, anakunja mikono mpaka haiinuki, jioni anapanda kwenye sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, na dakika ya pili ya raundi ya kwanza gadi, ile mikono ya kukinga uso, imeshuka kifuani, anapigwa jebu, ngumi za moja kwa moja za mkono wa mbele, za bure. Kocha akiona vile anapiga marufuku vyuma vyote na mimi namuelewa, ila kilichoharibu ni ile ratiba.

Kuna na vyuma vyetu vya kujitengenezea, bomba la maji lenye kopo la rangi lililojazwa zege kila upande. Angalia vizuri, mara nyingi kopo moja limejazwa kuliko lingine, bomba linalala upande, kijana anainua huku kiuno kimejipinda kulisawazisha na mgongo umekunjika kama upinde. Hicho kinaumiza kweli. Pima makopo kwenye mzani wa muuza nafaka kabla zege halijakauka, na usimpe mtu mzigo mpaka umemuona anachuchumaa na kusimama mgongo ukiwa umenyooka. Watoto wa miaka 13 au 14 hawadumai kwa vyuma vyepesi vyenye msimamizi, hiyo ni hofu tu, ila wao wana mengi ya kujifunza na miguu kwanza.

Mimi ningeweka siku mbili kwa wiki basi, skwati, kuinua mzigo kutoka chini, na kuvuta kuelekea kifuani kwa ajili ya mgongo unaorudisha ngumi nyumbani, dakika 40 imeisha, na isiwe siku ya sparingi. Siku zingine zote pushapu, kamba, begi na kilima kama kawaida. Pambano likibaki siku kumi punguza seti ziwe nusu, wiki yenyewe ya pambano chuma kisiguswe kabisa.