Khanga ina jina, aliyeichora hana

Barua pepe iliingia Jumanne asubuhi nikiwa kwenye treni, nimebanwa kati ya mlango na baiskeli ya mtu. Ilitoka kwa mama mmoja anayesimamia ukumbi mdogo wa muziki hapa Berlin. Nilikuwa nimemtengenezea bango la tamasha la kwaya, naye alikuwa na swali moja tu: jina lako tuliandikeje?

Nikajua ni kodi, maana hapa ukisikia mtu anaulizia jina lako kamili, ni kodi. Nikamjibu kwa majina yote matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, nikaambatanisha na namba ya mlipakodi. Akanijibu kwa upole kuwa hayo yote anayo. Jina alilitaka la kuweka kwenye bango.

Wiki mbili baadaye nikakutana nalo kwenye zile nguzo nene za mviringo za matangazo. Pembeni kabisa, kwa herufi zilizosimama wima, ndogo kama za kikaratasi cha dawa, palikuwa na jina langu, na chini yake jina la kiwanda kilichochapa. Nilisimama pale mvuani nikapiga picha nne. Mzee mmoja aliyekuwa anamsubiri mbwa wake amalize haja zake alinitazama kama mtu anayetaka kuita polisi. Nikampigia mama yangu simu: Mama, jina langu liko barabarani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wanakutafuta?"

Nimefanya dizaini Dar miaka tisa. Kadi za michango ya harusi, mabango ya mikutano ya injili, lebo za maji, fulana za kampeni (za pande zote mbili, tena wiki moja, msinihukumu), menyu, kalenda, flaya za kitchen party zisizo na idadi. Kuna kazi yangu moja ilikaa juu ya paa la jengo miaka mitatu mpaka jua likaigeuza rangi ya chai. Katika yote hayo hakuna hata karatasi moja yenye jina langu. Si kwamba sikujaribu.

Waliofanya kazi hii wanajua. Mteja wa nyumbani humtumii kazi akaitazama kwao, anakuja mwenyewe kukaa begani kwako. Anavuta kiti cha plastiki, anaweka simu mbili mezani, anaanza. Hiyo picha yangu ivute kidogo. Hapo weka mng'ao. Jina la mchungaji likue. Likue tena. Sasa la mkewe nalo, asije akasema. Wewe programu ya kuchorea, CorelDRAW, imeganda, feni inazungusha joto, na nyuma yako kuna watu watatu wanataka fotokopi ya kitambulisho. Mwisho jicho lake linashuka hadi kwenye kona ya chini, ulipoandika kwa udogo wa aibu jina lako na namba ya simu. "Na hii?" Hiyo ni yangu mimi niliyetengeneza. "Itoe, inaharibu."

Inaharibu. Hapohapo chini kuna logo nane za wadhamini, mojawapo ya binamu yake mwenye duka la vipuri ambaye hakutoa hata mia. Hizo haziharibu.

Halafu bei ikifika, anakuambia usimkazie, hii kazi itasambaa mji mzima, utapata jina. Ndugu zangu, nitalipatia wapi hilo jina, na ameshanitolesha?

Najua tayari kuna mtu anasonya. Huyu naye, juzi tu alikuwa anagombania daladala Buguruni, leo ameona bango moja la kwaya anataka kutufundisha. Nakuelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nawasonya watu wa aina yangu. Basi nianze kwa kusema kwamba bango lile lilinilipa hela ambayo ukitoa nauli na kodi inabaki ya kununua viatu, tena vya mnada. Ulaya haijaniokoa. Chumba nilichopanga nilikipata baada ya miezi saba ya kuandika barua za kujinadi kama bwana harusi.

Tena nikwambie, nusu ya mabango ya hapa siyaelewi. Herufi zimepinduliwa, zimevutwa kama ubani wa kutafuna, tarehe imejificha nyuma ya duara la kijani, na ukumbi wenyewe ni mpaka uinamishe shingo. Bango la kwetu likisema Jumamosi, Mwembe Yanga, saa nane mchana, konda aliyening'inia mlangoni mwa daladala analisoma, analielewa, na anamwambia dereva. Huo ni ustadi. Dogo wa steshenari aliyejifunzia kwenye kompyuta yenye kibodi isiyo na herufi B anaweza kupanga sura kumi na nne za viongozi, ratiba, mahali, kiingilio na aya ya Biblia kwenye karatasi moja, na bado ukasoma. Waleteeni wataalamu wa hapa kazi hiyo, na umeme ukatike mara mbili katikati, tuone. Kwa hiyo sizungumzii nani anajua kuchora. Nazungumzia jina, basi.

Ile nguzo ya matangazo nayo nikaichunguza. Mchapaji mmoja wa hapahapa Berlin, Ernst Litfaß, ndiye aliyeanza kuzisimamisha mwaka 1855, watu wakiwa wanabandika matangazo ovyo kila ukuta. Mpaka leo Mjerumani akiitaja nguzo hiyo anaitaja kwa jina la Litfaß. Yaani hata kitu cha kubandikia kina jina la mwenyewe.

Na kila mwaka kuna mashindano ya mabango bora 100 ya Ujerumani, Austria na Uswisi. Yakishachaguliwa yanatundikwa, watu wanakwenda kuyaangalia kama wanavyokwenda kuangalia picha za kuchora. Nilikwenda mara ya kwanza nikidhani nitakuta wenye kampuni za matangazo wanabadilishana kadi. Nikakuta wanafunzi, wazee wenye miwani shingoni, mama na mtoto mgongoni (wanabeba hata hawa), wote wamesimama mbele ya tangazo la mjadala uliokwisha miezi minane iliyopita. Wanabishana juu ya herufi. Na kila kazi inatajwa kwa mambo matatu: aliyesanifu, aliyeagiza, aliyechapa. Fikiria yule fundi wetu wa mashine, mwenye wino mpaka kwenye kope, anatajwa ukutani kwa jina.

Jumuiya ya kazi hii nimeiona pale. Mtu anasoma jina, mwakani analiona tena, anasema huyu kabadilika, au huyu anajirudia. Sisi tuna kundi la WhatsApp. Unatupia kazi yako, watu wanaweka moto kumi na moja, mmoja anaomba faili, na wiki ijayo unaiona Mbeya imebadilishwa picha ya bibi harusi tu. Unamkasirikia nani? Kazi yenyewe haikuwa na mwenyewe, kaiokota.

Utaniambia wenzetu wana sheria. Na sisi tunayo. Ya kwao ni ya mwaka 1965, kifungu cha 13, mtunzi ana haki ya kutambuliwa. Ya kwetu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa kazi ni yake. Jina la COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, tunalitaja kila msanii wa muziki anapolia. Lakini nani aliwahi kuipeleka COSOTA kadi ya kitchen party? Mimi sikuipeleka. Nilitoa jina langu nilipoambiwa nilitoe, nikahifadhi faili, nikasema karibu tena bosi. Hilo la kwangu siwezi kumtupia mteja.

Wala usiniambie kutia jina ni mambo ya kizungu. Mwaka 1968 Wapolandi walifungua pale Wilanów, Warsaw, makumbusho ya mabango, ya kwanza ya aina yake duniani. Mwaka huohuo Dar, Edward Said Tingatinga alianza kuchora ndege na wanyama kwa rangi ya kupakia baiskeli, na chini akatia sahihi kwa herufi kubwa: E. S. TINGATINGA. Hakuna aliyemwambia anaharibu. Alichora miaka minne tu mpaka alipouawa kwa risasi mwaka 1972, na leo jina lake limekuwa jina la uchoraji mzima, mjukuu na asiye mjukuu wote wanachora Tingatinga.

Sasa geuka utazame khanga. Khanga ina pindo, ina mji, na yale maneno ya chini tunayaita jina. Mama zetu dukani hawaulizi rangi kwanza, wanauliza jina lake nani. Halafu soma pembeni ya zile za zamani kutoka Mombasa: K.H.E., Mali ya Abdulla. Abdulla tunamjua, mwenye mali. Na yule aliyeinama siku tatu kulizungusha embe mpaka likakubali kukaa kwenye kona? Aliyeamua kidoti kiwe cheusi wala kisiwe cha bluu? Khanga hiyo imembeba mtoto, imefunika maiti, imempasha jirani bila mdomo kufunguliwa. Nimetafuta jina la aliyeichora hata moja tu, nimekosa. Mwenye mali kaandikwa, maneno yameandikwa, mkono haumo.

Jina haliliwi, mtu atasema. Chakula kwanza. Ndiyo, na mimi nimekula wali maharage kwa hela ya flaya, silidharau hilo. Ila jina linaliwa bwana. Mteja wangu wa pili hapa alilisoma kwenye nguzo ileile, akiwa anasubiri basi. Nyumbani mteja mpya alikuwa ananipata kwa kumuuliza mteja wa zamani, ambaye alikuwa anajibu, "aaa, kuna kijana mmoja pale." Nimekuwa kijana mmoja pale kwa miaka tisa.

Na kama hujali njaa yangu, ijali basi Nembo ya Taifa. Mnakumbuka mwaka 2017. Mzee Francis Maige Kanyasu, tuliyemjua kwa jina la Ngosha, alikutwa Buguruni kwenye dhiki, anasema yeye ndiye aliyeichora. Akapelekwa Muhimbili, akafia huko mwaka huohuo. Hata hatujakausha machozi, mjadala ukaanza: si yeye, ni Jeremiah Kabati. Mimi siamui hapa nani kati yao. Ninachosema ni kwamba ile nembo iko kwenye pasipoti iliyonitoa nchini, iko kwenye cheti changu cha kuzaliwa, na wakati wa kumzika mzee bado tulikuwa tunabishana nani aliichora. Jambo la kumaliza kwa mstari mmoja wa kalamu, siku ileile, kwenye daftari lolote. Nikiwaza hilo hasira inanipanda, halafu nakumbuka na mimi nilikuwa nafuta la kwangu kwa elfu ishirini.

Atakuja na yule wa mwisho: kama unajua sana, rudi. Saki Mafundikwa, msanifu wa Zimbabwe, alitoka New York akarudi Harare akafungua chuo cha dizaini, ZIVA, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kweli, na namvulia kofia. Mimi bado sijarudi. Nina mkataba, nina deni, nina mtoto anayeanza shule Septemba. Nilichoweza ni likizo ya mwaka jana.

Nilikuwa kwa shangazi, Tabata. Tukafunga kamba uani, kutoka kwenye mwembe hadi kwenye nguzo ya tanki, mimi na jamaa zangu wawili wa zamani. Tukakusanya flaya, kadi, lebo, mabango ya mpira, chochote kilichotengenezwa mtaani, tukavitundika kwa vibanio vya nguo. Hatukualika mtu. Kufika saa kumi ua umejaa. Akina mama waliokuja kumsalimia shangazi walikuwa wanapita na vikombe vya chai wanatambua kazi moja moja. Hii ya Mama Zuhura! Hii nilichangia laki na sare sikupewa! Mmoja alisimama muda mrefu mbele ya flaya ya kitchen party ya rangi ya zabarajadi, herufi zake zimejikunja kama hina ya mkononi, akasema ameitunza nyumbani kwenye albamu, anaipenda tu. Akauliza nani kaitengeneza. Hatukujua. Kwenye kijikaratasi cha chini tulikuwa tumeandika: msanifu, kisha nukta nukta.

Ikabidi tuulize. Steshenari moja ikatutuma nyingine, ya pili ikatupa namba. Nikapiga nikiwa nimeshika kalamu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Dogo, ile flaya ya zabarajadi, ya Mama Zuhura, ni wewe?"

"Ni mimi kaka. Kuna tatizo?"

"Hakuna. Jina lako nikuandikeje?"

Akanyamaza. Nikasikia mashine ya fotokopi inapiga nyuma yake.

"Tuma tu kwa namba hiihii kaka. Ila likija jina la Mwanahawa usishtuke, laini ni ya mama."