Zimeni jenereta, msimzime shangazi

Juzi nimeangalia video ya harusi ya binamu yangu, na mpaka leo hasira haijanitoka. Shangazi yetu amesimama mbele ya maharusi, kashika maikrofoni, anawausia. Midomo inacheza, sauti hakuna. Juu yake umelazwa wimbo wa mapenzi, ule ule uliopigwa kwenye kukata keki. Binamu alipouliza, mpiga video akamjibu kwamba jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya ukumbi, basi wakazima sauti yote ili kazi ipendeze.

Ipendeze kwa nani? Sura ya shangazi tunayo kwenye picha tele. Tulichokitaka ni yale maneno yake, na vigelegele vilivyomkatiza katikati. Nasaha za wakubwa ndiyo harusi yenyewe. Keki ni nyongeza.

Na ndugu zangu wahariri wa video, hiyo kelele ina dawa. Sehemu kubwa ya mngurumo wa aina ile hukaa chini kabisa. Hata mvumo wa umeme wetu huanzia hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ukajirudia kwenye 100 na 150. Maneno ya mtu hueleweka zaidi kwa sauti za juu, za hezi elfu moja hadi elfu nne hivi. Kwa hiyo ukikata kila kilicho chini ya hezi 80 au 100, shangazi hapungukiwi neno. Kinachosalia, ingia Audacity, programu ya bure: chagua sekunde chache ambazo hakuna anayeongea, iache iitambue kelele, kisha iipunguze kwenye hotuba nzima. Ipunguze kwa kiasi tu, maana ukiikandamiza sana mtu anasikika kama anaongea ndani ya bomba. Jenereta likibaki kwa mbali, libaki. Lilikuwepo harusini.

Muziki nao uwekwe kwenye mstari wake peke yake, ushuke mtu anapoongea na upande akimaliza. Programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve inafanya hivyo bure, na hata CapCut ya kwenye simu inatenganisha sauti na picha.

Halafu wimbo wenyewe una kesi. Ukipandisha video YouTube, mfumo wa Content ID, uliopo tangu 2007, unautambua mara moja, na mwenye wimbo anaweza kuizuia video. Ukiuondoa wimbo, chini yake hakuna kitu, kwa sababu sauti ya ukumbini ilishatupwa.

Nakubali, kuna sauti za kuzima. Upepo wa ufukweni unaovuma kwenye maikrofoni tupu, uzime. Bwana harusi akiwa amevalishwa maikrofoni kifuani na akanong'ona jambo la familia na baba yake, lizimwe bila kuulizwa, maana hilo ni la kwao.

Lakini hotuba ya mzazi haimo humo. Binamu ameomba faili za kamera, akaambiwa zimeshafutwa ili kupata nafasi ya kazi nyingine. Kwa hiyo mnaooa na kuolewa Desemba hii, kabla hamjatoa malipo ya awali, andikeni kwenye makubaliano: hotuba zibaki na sauti yake, na faili ghafi zote tukabidhiwe sisi kabla hazijafutwa popote.