Ushindi 83 mara mbili: Cubs, Craig Counsell na usajili wa majira ya baridi

Jioni ya tarehe 26 Septemba 2023 nilikuwa kazini, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji juu ya meza ya kulia chakula. Chicago Cubs, timu yangu ya besiboli, walikuwa Atlanta. Waliongoza mikimbio, yaani alama, 6 kwa 0, wenyeji wakawa wanakomboa mmoja mmoja mpaka ikawa 6 kwa 5. Awamu ya nane kati ya tisa, Atlanta wamebakiza mtu mmoja tu wa kutolewa ili zamu yao ya kupiga iishe, mpira ukapigwa juu upande wa kulia. Mpira wa kawaida kabisa, wa kudakwa hata na mtoto wa sekondari. Seiya Suzuki akakimbia, akafika chini yake, akainua glavu, ukamponyoka. Wakimbiaji wawili wakaingia, Atlanta 7 kwa 6, na matokeo yakabaki hayo mpaka mwisho.

Msimu ule Cubs walimaliza na ushindi 83 katika mechi 162. Arizona Diamondbacks walipata 84, wakapenya mechi za mtoano, wakaenda mpaka fainali ya World Series. Tofauti ya ushindi mmoja. Ndiyo maana mpira ule uliomponyoka Suzuki bado unaniuma, na ndiyo maana naamini kibarua cha kocha David Ross kiliota nyasi ndani ya mwezi ule wa Septemba, ingawa barua aliipata Novemba.

Kwa wasiofuatilia besiboli: huku hakuna dirisha la usajili kama la soka. World Series ikiisha, majira yote ya baridi ni soko. Wachezaji waliomaliza mikataba wanatafuta klabu, klabu zinabadilishana wachezaji, makocha wanafukuzwa na kuajiriwa, mpaka Februari timu zinapokwenda kwenye joto la Arizona au Florida kujifua. Sisi mashabiki tunaishi kwa tetesi hizo miezi minne huku Chicago imezama kwenye theluji.

Tarehe 6 Novemba 2023, Cubs walimwondoa Ross wakiwa bado wana mkataba naye, wakamchukua Craig Counsell kutoka Milwaukee Brewers. Miaka mitano, dola milioni 40. Hakuna kocha wa besiboli aliyewahi kulipwa milioni 8 kwa mwaka kabla ya hapo. Na hakutoka mbali: Milwaukee iko mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, ni wapinzani wetu wa kundi moja, na Counsell ni mtoto wa kule, amekulia Whitefish Bay jirani kabisa na Milwaukee.

Ubishi ulianza siku ile na mpaka leo haujaisha. Upande mmoja unasema Cubs walifanya kitendo cha klabu kubwa. Upande wa pili unasema walimdhalilisha mtu wao kwa jina kubwa lisilopiga mpira wala kurusha.

Nianze na Ross, kwa sababu hapo moyo wangu uko upande wake. Huyu ndiye mdakaji mwenye umri wa miaka 39 aliyepiga homurani, mpira unaopaa hadi ng'ambo ya ukuta, katika mechi ya saba ya fainali ya 2016 kule Cleveland. Usiku ule Cubs walishinda 8 kwa 7 na kumaliza kiu ya miaka 108. Alipopewa timu mwaka 2020, akaongoza kundi katika msimu mfupi wa korona. Kisha Julai 2021 uongozi ukawauza Anthony Rizzo, Javier Báez na Kris Bryant ndani ya siku chache, na Ross akaachiwa kikosi kilichobomolewa. Alikipandisha kutoka ushindi 71 hadi 74 hadi 83. Jed Hoyer, mkuu wa shughuli za besiboli wa klabu, alipanda ndege hadi Tallahassee kumpa habari nyumbani kwake ana kwa ana. Hilo ni la kiungwana. Lakini mtu aliyevumilia miaka ya njaa alistahili kuonja msimu wa mavuno, na hilo sitalibadilisha.

Hata hivyo hesabu haina huruma. Cubs ya 2023 ilipata mikimbio 96 zaidi ya iliyoruhusu. Timu ya namna hiyo kwa kawaida hushinda mechi 90 hivi, nao wakashinda 83. Mwanzoni mwa Septemba walikuwa na ushindi 76 na vipigo 64, wakapoteza 15 kati ya 22 za mwisho. Ushindi saba uliopotea njiani lazima uulizwe, na jicho linakwenda kwa yule anayeamua mrushaji gani atolewe na nani aingie, awamu ipi, mbele ya mpigaji yupi. Hiyo ndiyo kazi ya kocha wa besiboli kuliko kazi nyingine yoyote. Counsell akiwa Milwaukee, klabu ya mji mdogo na mfuko mdogo, aliingia mtoano mara tano katika misimu sita ya mwisho, kwa sifa kubwa ya kujua kuwatumia warushaji wa akiba, wale wanaoingia mechi ikiwa inaendelea. Hoyer aliona dawa ya ugonjwa wake iko jirani, akaenda kuinunua.

Halafu ukaja msimu wa 2024. Cubs ya Counsell ilipata mikimbio 67 zaidi ya iliyoruhusu. Ikashinda mechi 83, ikapoteza 79.

Namba zilezile! Nilikuwa nikipita na treni ya Red Line kituo cha Addison karibu kila jioni mwaka ule, na ukitazama juu ya ubao wa matokeo wa Wrigley Field, uwanja wa Cubs, unaona bendera: nyeupe yenye W wakishinda, ya bluu yenye L wakifungwa. Leo nyeupe, kesho bluu, keshokutwa bluu, halafu nyeupe. Na wakati huohuo Milwaukee, waliompoteza kocha na wakamwuza mrushaji wao bora Corbin Burnes kwa Baltimore kabla ya msimu, wakashinda mechi 93 na kutwaa kundi chini ya Pat Murphy, msaidizi wa Counsell na mwalimu wake wa zamani chuoni Notre Dame. Murphy akachaguliwa kocha bora wa mwaka wa National League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya besiboli. Mwaka 2025 akachaguliwa tena.

Wenye kumtetea Ross walipata silaha yao hapo, na ni silaha halali. Kama kocha ndiye dawa, mbona mgonjwa hakupata nafuu, na aliyenyang'anywa dawa ndiye aliyenenepa?

Jibu langu ni hili, na ndilo ninalobishania miaka yote miwili: kosa la Cubs halikuwa kumleta Counsell. Kosa lilikuwa kumfanya Counsell ndiye usajili mkubwa wa majira yale ya baridi. Tazama bei. Milioni 8 kwa mwaka ilikuwa rekodi kwa kocha wa besiboli, lakini majira yaleyale Cubs walimpa mrushaji wa akiba Héctor Neris milioni 9 kwa mwaka mmoja, na Agosti wakamwacha aende. Kocha ghali kuliko wote wa besiboli alikuwa nafuu kuliko mtu wa kufunga awamu ya tisa ambaye hakuumaliza msimu. Kwa hiyo kelele za milioni 40 zilitupoteza shabaha sote. Swali lilikuwa kocha huyu mwenye sifa ya kuwapanga warushaji wa akiba anapewa warushaji gani. Akapewa wachache, wengine wakaumia mapema, na akaanza kupoteza mechi zilezile alizokuwa akipoteza Ross.

Sisemi hawakufanya lolote. Shota Imanaga alikuja kutoka Japani kwa milioni 53 za miaka minne, akashinda mechi 15 na kupoteza 3. Michael Busch alitolewa Los Angeles Dodgers, na mwaka 2025 akapiga homurani 34. Hizo ni kazi nzuri za Hoyer, na anayemwita bahili tu anamwonea. Ila zote zilikuwa za kuchagua kwa makini kwenye rafu ya kati. Rafu ya juu hakuigusa.

Aliigusa Desemba 2024. Alimchukua mpigaji Kyle Tucker kutoka Houston kwa bei ya kuumiza: Isaac Paredes, mrushaji Hayden Wesneski na Cam Smith, kinda aliyechaguliwa wa 14 kwenye drafti, uteuzi wa makinda wa kila mwaka, miezi michache tu kabla. Na Tucker alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba. Siku chache baadaye Cody Bellinger akapelekwa New York Yankees, karibu bure, ili kupunguza mishahara.

Hapa mashabiki tuligawanyika vibaya. Wapo waliosema umekodi nyumba kwa bei ya kununua. Smith alianza kikosi cha kwanza cha Houston msimu uliofuata, Paredes akaitwa kwenye mechi ya nyota, na Tucker Januari 2026 akasaini Dodgers miaka minne kwa milioni 240. Bellinger naye alipiga homurani 29 akiwa New York. Ukiyapanga hivyo, Cubs wameliwa.

Mimi nasema walifanya sawasawa. Tucker wa Aprili na Mei 2025 aliibadilisha timu nzima. Alikuwa hapapasi mpira mbovu, anasubiri, anawachosha warushaji, na waliomfuata kwenye orodha ya kupiga wakala matunda. Tarehe 1 Juni akaumia mkono alipojitupa kwenye besi ya pili, mfupa umepata ufa, akaendelea kucheza, na tukaja kuambiwa Agosti. Baadaye msuli wa shavu la mguu ukamkamata. Ajali ile haiwezi kugeuzwa kuwa ushahidi kwamba uamuzi wa Desemba ulikuwa mbovu. Cubs walishinda mechi 92, wakaitoa San Diego kwenye raundi ya kwanza, wakafika mechi ya tano dhidi ya Milwaukee.

Nami nina lawama yangu kwenye msimu ule, ila si kwa Tucker. Ni Julai. Mrushaji wetu Justin Steele alikuwa amepasuliwa kiwiko tangu Aprili, kila mtu aliona tunahitaji mrushaji wa kuanza mechi, na soko la katikati ya msimu lilipofungwa tukaletewa Michael Soroka, aliyerusha awamu mbili akaumia bega. Septemba mrushaji Cade Horton naye akavunjika ubavu. Tulipoingia uwanjani Milwaukee tarehe 11 Oktoba, mechi ya kufa au kupona, aliyeanza kurusha alikuwa Drew Pomeranz, mrushaji wa akiba. Counsell akaanza kuwapokezana watu mmoja mmoja, kazi anayoijua, na tuwape haki yao: waliruhusu mikimbio mitatu tu. Tulifungwa 3 kwa 1 kwa sababu wapigaji wetu hawakupiga. Lakini Imanaga, shujaa wa mwaka uliotangulia, alikaa benchi mechi nzima kwa kuwa hakuaminika tena, na hilo linaonyesha ghala lilikuwa limebaki na nini.

Majira ya baridi ya kuingia 2026 naona wamejifunza, na nasema hivyo nikijua ninaweza kuumia tena. Alex Bregman amesaini miaka mitano kwa milioni 175. Edward Cabrera, mrushaji mwenye mpira wa kutisha, ametolewa Miami kwa kumtoa Owen Caissie na makinda wengine wawili. Imanaga amebaki kwa mwaka mmoja, milioni 22.

Yote matatu yana upande wa pili. Bregman ametimiza miaka 32 Machi 2026, na miaka mitano kwa mtu wa besi ya tatu ni mirefu. Matt Shaw, aliyejifunza nafasi ile mbele ya macho yetu mwaka 2025 na kudaka mipira migumu kwa ustadi, akawa anatafutiwa pa kukaa. Cabrera bega na kiwiko chake vina historia, na Caissie ndiye tunda tulilolisubiri tangu mrushaji Yu Darvish alipouzwa Desemba 2020. Nakiri kumwona Caissie akiondoka baada ya mechi chache tu kuliniuma kuliko Smith.

Lakini Cabrera yuko chini ya klabu mpaka 2028, na Counsell hatalazimika tena kuanza mechi ya mwisho na mtu wa akiba, mwili wa Cabrera ukikubali. Bregman ameshinda World Series mbili na Houston, na kwa milioni 35 kwa mwaka ni afadhali kuliko milioni 60 za Tucker, ambazo klabu yetu isingezilipa na siilaumu kwa hilo.

Linaloninyima usingizi liko mbele kidogo. Nico Hoerner, Ian Happ na Suzuki, uti wa mgongo wa timu hii, wote waliingia mwaka 2026 na mikataba ya kuisha baada ya msimu huo. Makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji yanaisha Desemba mosi mwaka huohuo, na kila klabu inaogopa kuahidi pesa kabla ya kujua sheria mpya. Mkataba wa Counsell unakwenda mpaka 2028. Hoerner ndiye ningeanza naye, tena wakiwa bado Arizona, kabla hajacheza mechi hata moja ya msimu wa 2026 na kabla New York au Los Angeles hawajaanza kupiga simu.